Papa Wadogo Katika Tangi la Nyumbani: Dalili za Tangi Lisilotosha, Visababishi na Marekebisho

Malalamiko ya wafugaji wa samaki wa mapambo wa Kisumu, Nakuru na Kakamega kuhusu papa wadogo yanafanana sana: samaki anajigonga kiooni, maji yanaingia ukungu siku chache baada ya kubadilishwa, samaki anaokotwa sakafuni asubuhi akiwa amekauka, au tangi lenyewe linaanza kuvuja. Dawa hununuliwa, chakula hubadilishwa, chujio jipya hufungwa, na tatizo hurudi vilevile, kwa kuwa mara nyingi chanzo hakijaguswa: tangi lilichaguliwa kwa kumtazama samaki alivyokuwa dukani, bila kuuliza atakavyokuwa baada ya miaka miwili. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini, kipimo cha tangi kitatangulia, hata pale ambapo mwishowe kosa litapatikana kwingine.

Kabla ya yote: lipime tangi, mtambue samaki

Pima urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, upande wa ndani. Zidisha namba hizo tatu, kisha ugawanye kwa 1,000 ili upate lita. Tangi la futi tatu, ambalo ndilo mafundi wa vioo huagizwa mara kwa mara, likiwa na sentimita 90 kwa 30 kwa 45, hubeba lita 121.5 likijazwa hadi ukingoni. Ukiondoa nafasi ya changarawe, mawe na pengo la juu, maji yanayobaki ni kama lita 105 tu.

Sasa mtazame samaki. Wengi wanaouzwa kama papa katika maduka ya bara ni samaki wa mitoni kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, wasio na undugu wa karibu na papa wa baharini. Kila mmoja ana mahitaji yake:

- Bala (Balantiocheilos melanopterus), mwenye mwili wa fedha na mapezi yenye kingo nyeusi, hufikia sentimita 35 na hupenda kuishi kundini. Kundi la watano linahitaji tangi lisilopungua sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648.
- Mkia-mwekundu (Epalzeorhynchos bicolor), mweusi mwenye mkia wa rangi ya damu, huishia kama sentimita 12 hadi 15. Mmoja peke yake anatosheka na sentimita 120 kwa 40 kwa 45, yaani lita 216.
- Pangasi (Pangasianodon hypophthalmus) huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini mtoni huweza kupita mita moja. Hakuna tangi la sebuleni linalomfaa, na ushauri wangu ni kutomnunua kabisa.
- Papa halisi wadogo, kama papa wa mianzi (Chiloscyllium punctatum), ni wa maji ya bahari na hufikia takriban mita moja. Hao wana sehemu yao mwishoni mwa mwongozo huu.

Kwa samaki anayeogelea bila kutulia kama bala, ninapendekeza urefu wa tangi uwe angalau mara tano ya urefu wa samaki mzima. Kwa papa anayelala chini, upana ni muhimu kuliko kimo: usiwe mfupi kuliko mwili wake, ili aweze kugeuka bila kujikunja. Tangi refu la kwenda juu, hata likiwa na lita nyingi, halimsaidii yeyote kati yao.

Dalili: samaki anakwenda na kurudi kiooni, na mdomo umechubuka

Sababu inayoongoza ni ufupi wa tangi. Bala wa sentimita 20 katika tangi la sentimita 90 hupiga mkia mara chache tu kabla ya kukutana na kioo, na akishtuka hukigonga kwa nguvu zote. Mtazame kwa robo saa bila kusogea. Ikiwa anageuka kila baada ya sekunde mbili au tatu na kurudi alikotoka, jibu umelipata, na hakuna dawa ya chupani itakayolibadilisha.

Ikiwa urefu unatosha, angalia mwanga. Tangi lililo mkabala na dirisha, au lenye taa kali huku chumba kikiwa na giza, humwonyesha samaki taswira yake mwenyewe kiooni. Bandika karatasi ya rangi nyeusi nyuma na upande mmoja, upunguze taa, kisha ungoje siku mbili. Sababu ya tatu ni kukosa maficho: mkia-mwekundu asiye na pango huzunguka usiku kucha. Kipande cha bomba la plastiki chenye kingo zilizosuguliwa au chungu kilichovunjwa na kulainishwa ncha kinatosha.

Ya mwisho hutokea mara chache lakini ina hatari zaidi, nayo ni umeme unaovuja majini kutoka kwenye hita au pampu iliyopasuka. Usiingize mkono majini ili kuhakikisha. Zima swichi ukutani, chomoa vifaa vyote, kisha ukague nyaya na kioo cha hita vikiwa nje ya umeme. Ukihisi hata mtetemo mdogo unapogusa maji au fremu ya tangi, acha hapo hapo, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi wa umeme mwenye leseni. Mwombe pia afunge kikata-umeme cha usalama kwenye laini ya tangi, na uziache nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Mchubuko mdogo wa mdomo hupona wenyewe maji yakiwa safi. Ukiota utando mweupe kama pamba, au ukila nyama hadi mfupa uonekane, ni kazi ya daktari wa mifugo.

Dalili: maji yana ukungu au harufu, na samaki anahema juu ya maji

Hili ndilo tatizo linaloua samaki wengi zaidi. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi chake. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina sumu kali. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Kundi lilelile la samaki, likila chakula kilekile, huzalisha katika lita 105 sumu iliyokolea mara sita kuliko ambavyo ingekuwa katika lita 648. Ndiyo maana tangi dogo huharibika kwa siku moja, ilhali tangi kubwa humpa mfugaji nafasi ya kugundua kosa na kulirekebisha.

Anza kwa kupima amonia na naitraiti kwa vifaa vya matone, na vyote vinapaswa kuwa sifuri. Ikiwa hauna vifaa, chukua amonia kuwa ndiyo mshukiwa hadi ithibitike vinginevyo. Badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, usimlishe samaki kwa siku moja au mbili, na uongeze pampu ya hewa. Usibadilishe maji yote kwa mara moja, kwani mabadiliko ya ghafla huweza kuua samaki aliyestahimili sumu yenyewe.

Kisha tafuta chanzo kwa utaratibu huu. Tangi jipya lililojazwa samaki siku ileile ndilo la kwanza. La pili ni chakula: kinachobaki baada ya dakika tatu ni cha kuozesha maji, na omena mkavu anayetupwa mzimamzima huacha mafuta na vumbi. La tatu ni sifongo ya chujio iliyooshwa chini ya bomba, ambapo klorini huua bakteria walewale ulioshinda mwezi mzima ukiwasubiri. Ioshe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. La nne ni maji mapya yasiyoondolewa klorini. Maji ya bomba yalazwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24 pamoja na pampu ya hewa, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini, ambayo kwa kawaida ni sodiamu thaiosalfeti.

Wakazi wa Nakuru wana jambo la ziada. Maji ya visima vya eneo hilo yana floridi nyingi na mara nyingi yana alkali, nayo alkali huzidisha ukali wa amonia: kiasi cha amonia yenye sumu katika pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 ni karibu mara kumi ya kile cha pH 7, hata kama kipimo cha jumla hakijabadilika. Mfugaji wa Lanet, Nakuru, anaweza kupoteza samaki kwa kipimo ambacho mwenzake wa Kisumu anakiona kidogo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa safi, yakichanganywa na ya kisima kwa kadiri isiyobadilika kila wiki, hupunguza tatizo hilo.

Ikiwa amonia ni sifuri na bado samaki anahema, lililobaki ni upungufu wa oksijeni. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Nakuru ni takriban mita 1,850, kwa hiyo maji hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile, na maji ya moto hushika kidogo zaidi. Katika nyumba ya mabati isiyo na dari, alasiri za Februari mjini Kisumu huweza kupandisha maji kupita nyuzi 30. Sogeza tangi mbali na ukuta unaopigwa na jua, elekeza mdomo wa chujio uvuruge uso wa maji, na ueleeze chupa ya maji ya barafu iliyofungwa vizuri.

Stima ikipotea, usilishe. Teka maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu mara kwa mara, au uwe na pampu ya hewa ya betri. Ikipotea kwa saa nyingi, maji yaliyolala ndani ya chujio la kopo, lile lililofungwa na kukaa nje ya tangi, huoza. Yamwage na usuuze sifongo kabla ya kuliwasha tena, maana kuliwasha hivyo hivyo ni kumwaga sumu tangini.

Dalili: samaki anaruka nje

Bala huruka kiasili anaposhtuka. Weka kifuniko kizito kisichoacha nafasi kwenye pembe za nyaya. Kama aliishi kwa utulivu kwa miezi kadhaa ndipo akaanza kuruka, rudi kwenye kipimo cha urefu na kipimo cha amonia, kwa kuwa kuruka kwa namna hiyo ni kukimbia.

Dalili: samaki hakui, au mgongo umepinda

Wauzaji wengine husema kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake, nao wateja hulipokea neno hilo kwa furaha kwa sababu linapunguza gharama. Si kweli kwa maana wanayoikusudia. Samaki aliyebanwa na kuishi katika maji yenye uchafu mwingi hudumaa, mwili wake hupinda, na hufa mapema. Pangasi wa sentimita 25 aliyekaa miaka mitatu katika tangi la futi tatu ni samaki mgonjwa.

Pima naitreti; ikizidi miligramu 40 kwa lita, ongeza ubadilishaji wa maji hadi robo moja kila wiki. Angalia chakula, kisiwe cha aina moja kila siku. Baada ya hapo mhamishe. Mgongo uliokwisha kupinda haunyooki, lakini samaki mchanga huweza kuendelea kukua akipata nafasi.

Dalili: mmoja anawafukuza wengine wote

Karibu kila mara ni mkia-mwekundu. Wawili katika tangi la futi nne hupigana hadi mmoja afe. Baki na mmoja. Kupanga upya mawe hutuliza ugomvi kwa siku chache tu.

Dalili: samaki amelala chini asubuhi, anachangamka mchana

Hii ni dalili ya Nakuru, Kericho na Kisii zaidi kuliko ya Kisumu. Usiku wa Julai chumba hupoa, na tangi dogo hupoteza joto haraka kuliko kubwa. Weka kipimajoto na ukisome alfajiri. Bala huhitaji nyuzi 22 hadi 28. Hita ya takriban wati moja kwa kila lita inatosha, na katika tangi linalozidi lita 300 ni salama kutumia hita mbili ndogo, ili moja ikikwama samaki wasichemke.

Dalili: tangi linavuja, kioo kinatuna, au sakafu imepata ufa

Mtu aliyeshawishika kwamba anahitaji tangi kubwa hukutana na tatizo hili, na hapa pupa ni hatari kwa binadamu pia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Maji yenye kina cha sentimita 60 hukandamiza sakafu kwa kilo 600 kwa kila mita mraba, kabla ya kuhesabu kioo, changarawe na meza, ilhali sakafu za ghorofani katika nyumba za makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita mraba kama mzigo wa kila siku. Ni kweli kwamba mzigo ulio pembeni karibu na ukuta imara hubebwa vizuri zaidi kuliko ulio katikati ya chumba, lakini hilo si jambo la kukadiria kwa macho katika nyumba ya kupanga. Tangi linalozidi lita 200 liwe kwenye sakafu ya chini kabisa iliyomwagwa zege juu ya ardhi. Likilazimu kuwa ghorofani, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kulijaza. Ukiona ufa mpya sakafuni, mlango wa jirani umekwama, au dari ya chini imeshuka, toa maji mara moja na usisubiri kesho.

Kwa uvujaji, kausha kila kitu, tandika gazeti chini ya pembe zote nne na utazame ni wapi panalowa kwanza. Mara nyingi ni mpira wa bomba la chujio au mvuke unaodondoka kutoka kwenye kifuniko. Ikiwa ni kiungo cha silikoni, shusha maji chini ya mahali panapovuja. Kupaka silikoni mpya juu ya ya zamani hakufai kwa sababu haishikani vizuri. Ya zamani huchunwa yote, kioo husafishwa, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu hupakwa na kuachwa hadi ikauke kabisa, kwa tangi kubwa wiki nzima. Tangi la sentimita 180 lenye kimo cha 60 linahitaji kioo cha milimita 12 pamoja na vipande vya kuimarisha juu. Ikiwa fundi alitumia milimita 6, kioo kitatuna ukikitazama kwa rula, na hilo halirekebishiki. Ufa wowote kwenye kioo chenyewe ni mwisho wa tangi hilo.

Papa halisi wa baharini: dalili chache, sababu nzito

Papa wa mianzi huanguliwa akiwa na urefu wa kama sentimita 15, na hapo ndipo watu hudanganyika. Akikomaa anahitaji tangi la takriban sentimita 240 kwa 120 kwa 60, yaani lita 1,728. Kila lita huhitaji gramu 35 za chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Kwa hiyo kujaza mara ya kwanza hula kilo 60, na kubadilisha asilimia 15 ya maji hula kilo tisa nyingine. Kutoka Kisumu hadi pwani ni mbali mno kwa mtu kutegemea maji ya bahari yenyewe. Sioni nyumba nyingi za mji huu zinazoweza gharama hiyo pamoja na stima isiyokatika.

Asipokula, pima kwanza chumvi kwa kipima-uzito cha maji (haidromita), isomeke 1.023 hadi 1.025, kisha joto, kisha amonia. Chumvi ya mezani haina kalsiamu na magnesiamu inavyotakiwa, na maji ya Ziwa Nakuru au Elementaita ni ya magadi yenye pH inayokaribia 10, hayo humuua. Akiwa na uvimbe chini ya taya, visababishi vinavyojulikana ni upungufu wa madini ya joto, yaani aidini, na naitreti iliyolundikana katika tangi dogo. Akizubaa au kupinda mwili ghafla baada ya kupewa dawa, soma lebo: dawa zenye shaba, ambazo hutumika kwa samaki wengine, ni sumu kwake. Usimtibu papa wa baharini kwa kubahatisha. Mtafute daktari wa mifugo anayewajua samaki. Kuingiza samaki hai kutoka nje ya nchi pia huhitaji kibali, kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi hizo kabla ya kulipa.

Tangi likishindikana kupanuliwa

Mrudishe samaki dukani, mpe mfugaji mwenye nafasi, au muulize afisa wa uvuvi wa kaunti. Usimwachilie ziwani, kama pale ufukwe wa Dunga mjini Kisumu, wala katika mto Nzoia, Yala au Sondu. Mbuta (sangara), samaki wa kigeni, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi wametoweka tangu hapo. Kabla ya safari mnyime samaki chakula kwa saa 24, mbebe katika ndoo yenye kifuniko iliyojazwa maji ya tangi lake mwenyewe, na uondoke alfajiri kabla jua halijawaka.